Barua ya Shule ya Mwezi wa Saba

Muhula wa pili wa sekondari huanza Julai, wakati baridi imeshika sana huku Njombe na Makete. Mtoto akileta barua ya shule tusiichomeke darini. Tuisome wenyewe, kusoma si tunajua?

Kwanza fedha. Tangu Januari 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali imefutwa. Mwaka 2022 ikafutwa na ya kidato cha tano na cha sita. Basi barua ikidai ada, twende tukaulize. Sare, madaftari na sweta ni juu yetu. Chakula cha mchana je? Hicho wazazi hupatana mkutanoni. Asiyehudhuria ataambiwa tu madebe mangapi ya mahindi.

Novemba kidato cha pili na cha nne hufanya mtihani wa taifa. Anayeshindwa wa kidato cha pili hurudia darasa. Kwa hiyo kumtuma mtoto shamba siku za masomo, hapana.

Na binti aliyeacha shule kwa kuzaa? Wengine hulinong'ona tu jambo hili. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi, hata kama barua hailitaji. Mzazi amwone mkuu wa shule mapema. Kichanga kitabaki na bibi.