Dhahabu ya Wafalme na Kikombe cha Chai

Katika nyumba nyingi za Maseno na Kisumu hutumiwa vikombe na sahani za bati, nyeupe au za buluu. Mng'ao wake si rangi ya kupakwa kwa brashi, bali ni kioo. Kioo husagwa kikawa unga, hutiwa madini ya kukipa rangi, hupakwa juu ya chuma chembamba, kisha huchomwa tanuruni kwa joto la nyuzi 800 hivi za Sentigredi, hata kikayeyuka na kushikamana na chuma.

Karne nyingi kabla ya vyombo hivi, mafundi walitia kioo juu ya dhahabu kwa ajili ya wafalme na matajiri. Mwaka 1885 Mfalme Alexander wa Tatu wa Urusi alimpa mkewe, Maria, yai la Pasaka lililotengenezwa na karakana ya Fabergé. Ganda lake lilikuwa dhahabu iliyofunikwa kwa kioo cheupe. Ndani mlikuwa na kiini cha dhahabu, na ndani ya kiini, kuku wa dhahabu.

Dhahabu haishiki kutu, lakini chuma hushika mara kioo kibandukapo. Basi chombo kisigongwe, wala kisitiwe maji baridi kingali moto. Kikianza kubanduka upande wa ndani, kisitumiwe kwa chakula, kwani vipande vya kioo huweza kumezwa.