Maelezo Yanayobaki Mlangoni

Mteja anayetumia kiti cha magurudumu akikuta ngazi mlangoni mwa duka la dawa, aghalabu humtuma mtoto. Dawa humfikia; maelezo huishia njiani. Muuzaji hakumwona, wala hakumuuliza kama ni mjamzito au kama ipo dawa inayomdhuru.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania, ya mwaka 2010, inatambua haki ya kuyafikia majengo ya huduma. Kwa duka dogo, tatizo ni nafasi: kwa kipimo cha kawaida cha 1 kwa 12, kimo cha sentimita 15 huhitaji njia ya mteremko yenye urefu wa sentimita 180. Ubao mfupi ulioegeshwa, ambao wengi huuona ni hisani, humwangusha mtu.

Pasipo nafasi, muuzaji na atoke nje, ila asiutangaze ugonjwa wa mtu barazani. Si kila kiziwi asomaye Kiswahili kwa wepesi. Mchoro wa jua na mwezi kwenye bahasha humfaa kuliko “1×2”. Asiyeona afungiwe mpira mmoja kwenye chupa ya asubuhi, miwili kwenye ya usiku, kisha azipapase mwenyewe kabla ya kuondoka.