Viazi vya sherehe bila mafuta mengi

Jumapili ya ubatizo ao ya komunyo ya kwanza, familia nyingi za Goma zinatoka misa na njaa, na wageni wanafika mbele ya saa ya chakula cha mchana. Ile chakula ya saa tano njo inasumbua mama wa nyumba: nyama iko bei, tena kati ya wageni kuko shangazi mwenye tansio na mjomba mwenye sukari. Viazi vinapatikana, vinashuka toka Masisi, Rutshuru na Lubero. Lakini wengi wanasema sherehe bila friti haiko sherehe.

Shida haiko mu kiazi. Gramu 100 za viazi vilivyochemshwa hazifikishe hata nusu gramu ya mafuta. Friti za uzito uleule zinaweza kufika gramu 15. Mu mafuta ya moto, maji ya kiazi yanatoka kama mvuke. Friti zikitolewa na kuanza kupoa, mafuta yaliyobaki juu yake yanaingia ndani. Zile nyembamba njo zinabeba mengi zaidi.

Kwa hiyo utamu unatafutwa mu mchuzi. Kwa watu 6, kilo 1 na nusu ya viazi inaoshwa na kutiwa mu maji baridi pamoja na maganda. Vikianzia mu maji ya moto, vinapasuka nje na ndani bado ni vigumu. Pembeni, vitunguu 2 vinakaangwa na maji kidogo, si mafuta. Maji yakikauka yanaongezwa, mpaka vitunguu vipate rangi. Kisha tomati 5 zilizoiva, karoti, seleri na pilipili. Viazi vinamenywa, vinakatwa katikati na kukaa dakika 10 mu ule mchuzi ili viukunywe. Kijiko kimoja kikubwa cha mawese kinakuja mwishoni: karibu gramu 14, kwa watu 6 wote.

Chakula ya pili ni viazi vya kuponda na lengalenga. Badala ya siagi, vinalainishwa na maji yaliyovichemsha. Maharagi yaliyopikwa toka Jumamosi jioni yanashika nafasi ya nyama. Fromaji ya Masisi iko na mafuta, lakini kipande kidogo kilichokwaruzwa juu kinafurahisha watoto.

Kwa mwenye tansio, chumvi ipunguzwe, na vile vidonge vya kutia ladha mu mchuzi viachwe. Kwa mwenye sukari, kupunguza mafuta hakuondoe wanga: viazi 2 vya kadiri vinamtosha, sahani ijazwe na lengalenga na maharagi.

Na sokoni, kiazi chenye rangi ya kijani kisinunuliwe. Kina sumu ambayo kuchemsha hakuimalize.