Uzito wa Chapisho Moja: Urejelewaji wa Kazi za Bengt Saltin katika Fiziolojia ya Mazoezi

Makala hii inafafanua kwa nini hesabu ya urejelewaji pekee haitoshi kupima mchango wa mtafiti, kwa kurejelea kazi za Bengt Saltin (1935–2014), mwanafiziolojia wa mazoezi kutoka Sweden. Kipimo kinachotumika sana ni fahirisi ya h, iliyopendekezwa na Jorge Hirsch mwaka 2005. Mtafiti mwenye h ya 40 ana machapisho 40 ambayo kila moja limerejelewa angalau mara 40. Kwa kanuni hiyo, chapisho lililorejelewa mara 1,000 huhesabiwa sawa na lililorejelewa mara 40.

Udhaifu huo hudhihirika katika utafiti wa Dallas, Marekani, ambao Saltin na wenzake waliuchapisha mwaka 1968. Vijana watano walilala kitandani kwa siku 20. Uwezo wa juu wa miili yao kutumia oksijeni ukapungua kwa takribani robo, kisha ukapanda tena kwa mazoezi. Matokeo hayo yalitilia shaka desturi ya kuwalaza wagonjwa wa moyo kwa majuma mengi. Watu haohao walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ilibainika kwamba siku 20 za kulala ziliwadhoofisha kuliko miaka hiyo 30. Katika fahirisi ya h, kazi hiyo ya mwaka 1968 ni chapisho moja tu.

Kwa hiyo, jopo linalomtathmini mwanataaluma ili apandishwe cheo halina budi kuyasoma machapisho yenyewe, na kuchunguza ni nani aliyeyarejelea na kwa lengo gani.