Baridi ya Mlimani Huua Hata Pasipo Theluji



Watu wengi wakisikia kwamba mtu amekufa kwa baridi, hufikiri habari hiyo imetoka Ulaya, au kwenye kilele cha Mlima Kilimanjaro. Hawafikirii Uluguru. Hawafikirii Usambara, wala Upare, wala Hanang. Lakini baridi inaweza kumwua mtu katika milima yetu hii, bila theluji hata kidogo. Vitu vitatu vinatosha: maji, upepo na uchovu.

Natibu katika zahanati iliyo chini ya milima ya Uluguru. Siku hizi naona watu wengi wakipanda. Wapo wageni wanaotembea kutwa na kushuka jioni. Wapo wanaolala juu katika mahema. Vijana wa vijiji vyetu huwaongoza na kuwabebea mizigo. Hiyo ni kazi njema, inaleta fedha nyumbani. Lakini mtazame mgeni, kisha umtazame kijana wetu. Mgeni ana koti la mvua na viatu vizito. Kijana wetu ana fulana na kandambili, na mgongoni amebeba blanketi ambalo si lake.

Kwa nini juu kuna baridi?

Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Mji wa Morogoro uko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga, ambacho watu wa mjini wanakiona kila siku, kina mita 2,100 na zaidi kidogo. Basi kama mchana mjini kuna nyuzi 28, pale Lupanga huenda kuna nyuzi 18 tu.

Utasema, nyuzi 18 si baridi ya kuua. Ni kweli, kwa mtu mkavu aliyeshiba. Sasa mloweshe mtu huyo kwa mvua. Mpigishe upepo. Mnyime chakula tangu asubuhi. Kisha jua lizame, na joto lishuke tena.

Na mvua milimani haina hodi. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi hubeba unyevu. Zikifika kwenye milima hupanda juu, hupoa, na unyevu ule hugeuka mawingu na mvua. Ndiyo sababu upande wa mashariki wa Uluguru, kama kule Kinole, hupata mvua nyingi kuliko upande wa Mgeta. Ndiyo sababu pia unaweza kuondoka asubuhi kweupe kabisa, na saa nane mchana usione njia kwa ukungu.

Mwili wa mtu mzima una joto la nyuzi 37 hivi. Chakula ndicho kuni za joto hilo. Nguo iliyolowa hulinyonya joto la mwili haraka sana. Nguo ya pamba ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ikilowa hung'ang'ania maji na haikauki upesi. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu huyo ni mgonjwa. Asiposaidiwa anaweza kufa.

Utamjuaje mgonjwa wa baridi?

Kwanza hutetemeka. Vidole vyake huwa vizito, hawezi kufunga kifungo cha shati. Baadaye hujikwaa mahali ambapo hapana jiwe. Ulimi unakuwa mzito. Hukasirika bure, au hunyamaza tu. Ukimwuliza, atasema, "Sina neno, niacheni nipumzike kidogo." Maneno hayo yaogopeni sana.

Kisha huacha kutetemeka. Wenzake hufurahi na kusema, "Sasa amepata nafuu." Hapana! Mwili umeishiwa nguvu ya kujipasha joto. Hapo ndipo kifo kiko karibu. Wengine katika hali hiyo huanza hata kuvua nguo, wakisema wanasikia joto.

Alfajiri moja tuliletewa kijana kwenye machela ya miti miwili na blanketi. Jana yake alibeba mzigo kutwa katika mvua, na tumboni alikuwa na kikombe cha uji wa asubuhi tu. Jioni alianza kuyumba. Wenzake wakacheka, wakidhani amelewa. Wengine wakasema mlima umemkamata. Alikaa chini ya mti akaomba wamtangulie, naye angewafuata. Mmoja wao alikataa kumwacha. Alimvua shati lililolowa, akajifunika naye blanketi moja, kifua kwa kifua, mpaka wengine walipokuja na machela. Kijana yule yu hai. Mwaka jana ameoa. Nasi zahanati tulifanya kazi ndogo tu. Kazi kubwa ilikuwa imekwisha kufanyika kule juu, na yule mwenzake hakuwa na dawa yoyote.

Basi nanyi mkipatwa na jambo kama hilo, fanyeni hivi. Mtoeni mgonjwa kwenye mvua na upepo. Mvueni nguo zote zilizolowa, mkausheni, mvisheni nguo kavu. Mfunikeni hata kichwa. Msisahau chini: tandikeni majani makavu, magunia au mkeka, kwa maana ardhi nayo hunyonya joto. Mtu mmoja mwenye joto alale naye chini ya funiko moja. Kama mgonjwa ana akili zake na anaweza kumeza, mpeni chai ya moto yenye sukari nyingi, au uji. Kama amezimia, msimtie kitu mdomoni. Na mkimbeba, mlazeni, tena mbebeni taratibu. Moyo uliopoa hauvumilii kutikiswa.

Msimsugue mikono na miguu. Msimweke karibu kabisa na moto, maana ngozi yake haisikii na ataungua.

Halafu kuna habari ya gongo. Wazee wangu mnisamehe, mimi ni kijana. Najua wengi husema funda moja la gongo hupasha mwili joto. Joto lile mnalisikia kweli, lakini linatoka ndani ya mwili kuja kwenye ngozi, kisha linapotea hewani. Ngozi inapata moto, moyo unapoa. Pombe yoyote kwa mtu aliyeshikwa na baridi ni kumwongezea ugonjwa.

Jambo jingine ni jiko la mkaa. Usiku wa baridi watu huliingiza ndani ya hema au kibanda, wakafunga mlango, wakalala. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi. Mtu huumwa kichwa, hulegea, hulala, na asubuhi hakuna anayeamka. Jiko libaki nje. Hata makaa yanayokaribia kuzimika yabaki nje.

Kujiandaa si lazima kuwe kwa gharama. Ule mfuko wa nailoni unaokuwa ndani ya gunia la mbolea, ukioshwa vizuri na kutobolewa mahali pa kichwa na mikono, ni koti la mvua. Sweta la sufu la mtumba hushika joto hata likilowa, kwa hiyo ni bora kuliko mashati matatu ya pamba. Nguo za kulalia zifungeni ndani ya nailoni, na msizivae mchana hata mkisikia baridi namna gani. Bebeni chakula cha kula njiani: viazi, karanga, miwa, ndizi. Maji ya kijito cha mlimani yanapendeza macho, lakini huko juu wapo watu na wanyama pia. Yachemsheni. Mkiwa juu ya mita 2,000 yaacheni yachemke dakika tatu.

Kwa safari ya kutwa, ikifika saa saba mchana geukeni, hata kama kilele mnakiona. Kilele hakihami.

Mimi naona vijiji vinavyopokea wageni vingeweza kutoa fedha kidogo katika malipo yao, vikanunua makoti ya mvua na mablanketi machache, yakawekwa ofisi ya kijiji. Kila mpagazi anayepanda akabidhiwe, akishuka arudishe. Mizigo nayo ipimwe. Kwenye Mlima Kilimanjaro mzigo wa mpagazi una kikomo, kilo 20, na hupimwa kwa mizani. Kwenye milima midogo mara nyingi anayepima ni bega la mpagazi mwenyewe.

Ninyi mnaofanya kazi Kilimanjaro, wenye mita 5,895, au Meru, mna adui wa pili. Kuanzia mita 2,500 hivi hewa inakuwa nyepesi. Mtu huumwa kichwa, hutapika, hukosa usingizi. Huyo asipande zaidi mpaka apone. Lakini akiyumba kama mlevi, au akihema sana hata alipokaa, au akikohoa povu, ateremshwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Msingoje kupambazuke. Dalili hizi zinafanana na zile za baridi, na mtu mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili. Mfunikeni huku mnamteremsha.

Mkifika zahanati, yule aliyekaa na mgonjwa aingie naye ndani. Atueleze alianza kuyumba saa ngapi, alilowa kwa muda gani, alikula nini, kama amekunywa pombe, na kama kulikuwa na jiko ndani ya hema. Asione haya kusema. Hatumwulizi ili kumshitaki. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hawezi kueleza, na bila maneno hayo hatujui tuanzie wapi.