Kompyuta ndogo ipimwe kwa joto la Kariakoo

Saa saba mchana, mwezi Januari, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, umefurika watu na jua liko utosini. Katika kibanda cha vifaa vya simu, feni ya mezani inamgeukia muuzaji, inamgeukia mteja, kisha inarudi. Juu kabisa ya rafu, nyuma ya maboksi ya chaja, kuna kijisanduku cha plastiki ambacho upepo wa feni hiyo haukifikii. Ndani yake mna kompyuta ndogo ya ubao mmoja, isiyozidi sana ukubwa wa kadi ya benki. Inafanya kazi usiku na mchana. Iguse: ina joto kama kikombe cha chai kilichomiminwa sasa hivi.

Kompyuta za namna hii zilijulikana zaidi kupitia Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Februari 29, 2012. Ilibuniwa Cambridge, Uingereza, ili watoto wapate chombo cha bei nafuu cha kujifunzia kuandika programu. Ya kwanza ilikula umeme kidogo, na suala la kuipoza halikumsumbua mtu. Ilipotoka Raspberry Pi 4 mwaka 2019, mambo yalibadilika. Kasi ilipanda, na joto likapanda nayo.

Chipu yake ikifika nyuzi joto 80 huanza kujipunguzia kasi ili isiungue, na ikifika 85 hujibana zaidi. Haizimiki wala haipigi kelele. Inakuwa nzito tu, na mwenye duka anailaumu intaneti au fundi aliyemfungia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kasha la plastiki lililofungwa kila upande ni mficha maradhi hodari.

Wengi hukimbilia feni. Kwa Dar es Salaam, hasa Posta na Kariakoo, feni ndogo ni dawa ya muda. Vumbi la barabarani hunasa kwenye mapanga yake, unyevu na chumvi ya bahari huingia, ekseli yake huanza kukwaruza, na siku moja inasimama bila mtu kujua. Umeme ukiwa wa sola, feni hiyo ni mlaji mwingine. Simu uliyo nayo mfukoni haina feni, na inafanya kazi. Kasha la kompyuta ndogo nalo linaweza kusanifiwa lipoze lenyewe.

Kanuni yake haina uchawi. Joto linatoka kwenye chipu, linapita kwenye pesti au pedi laini inayoziba mwanya, linaingia kwenye chuma, linasambaa hadi kwenye mapezi ya nje, kisha hewa inalichukua. Alumini hupitisha joto karibu mara 1,000 zaidi ya plastiki ya kawaida, ndiyo maana makasha mazuri huwa na nguzo ya alumini inayoshuka kutoka kwenye kifuniko na kuikalia chipu. Nguzo hiyo isipogusa sawasawa, hata kwa unene wa karatasi, kasha zima ni pambo.

Mapezi nayo yana adabu yake. Penye feni yanaweza kubanana. Pasipo feni yanahitaji nafasi ya milimita 5 hadi 10, na yasimame wima, kwa sababu hewa ikipata moto hupanda na kuivuta ya baridi kutoka chini. Ukililaza kasha lile lile ndani ya droo, umeiziba pumzi yake.

Somo hilo la kupoza bila feni Kariakoo inalijua tangu zamani. Mbunifu Beda Amuli aliposanifu jengo la soko lililofunguliwa mwaka 1975, alilipa paa la miavuli ya zege iliyogeuzwa: mvua inakusanywa na kupelekwa kwenye matangi chini, na soko linapata mwanga na hewa bila mashine. Soko liliungua Julai 2021, lakini somo lake halikuungua. Karibu na bandari, Boma la Kale, lililojengwa miaka ya 1860 zama za Sultani Majid, lina kuta nene za mawe ya matumbawe, zinazosaidia kupunguza joto ndani. Kasha la kompyuta ni jengo dogo tu.

Tatizo liko kwenye vipimo. Makasha tunayouziwa yanaweza kuwa yamepimwa kwenye vyumba vyenye baridi kuliko vyetu. Tuchukue mfano: kasha linalopandisha nyuzi 7 kwa kila wati moja, na chipu inayotoa wati 6. Hapo joto litapanda nyuzi 42 juu ya joto la chumba. Chumba cha nyuzi 20 kitakupa 62, salama kabisa. Duka la Kariakoo lenye nyuzi 34 litakupa 76. Ukilifungia kabatini, ambamo hewa imefika 40, utapata 82, na kompyuta imeshaanza kujibana. Kasha ni lile lile. Kilichobadilika ni mahali.

Basi tupime hapa. Vipande vya alumini vinavyobaki kwa mafundi wa madirisha, na mikono ya mafundi chuma wa eneo la Gerezani, vinatosha kuanzia. Ukishalitengeneza kasha, viendeshe viini vyote vinne vya chipu kwa programu ya mzigo kama stress-ng kwa saa nzima, maana chuma huchelewa kupata moto. Kila dakika tano andika namba inayotolewa na amri ya vcgencmd measure_temp, na pembeni yake joto la chumba. Toa moja kwa nyingine: tofauti hiyo ndiyo sifa ya kasha lako. Mwisho andika amri ya vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x0, haikupunguza kasi tangu ulipoiwasha. Rudia mchana wa Februari, bila kiyoyozi, mlango wa kabati ukiwa umefungwa.

Kuna tahadhari mbili. Alumini ikigusa pini za ubao italeta shoti, kwa hiyo weka kizuizi. Tena chuma huzuia mawimbi ya Wi-Fi, hivyo acha dirisha la plastiki upande wa antena au tumia waya.

Jambo hili linavuka maduka. Huko Karatu, shirika la Powering Potential lilizipeleka Raspberry Pi katika shule za sekondari kwa umeme wa jua, zikiwa na maktaba ya RACHEL inayosomeka bila intaneti. Kompyuta ikijibana kwa joto mbele ya darasa, anayesubiri ukurasa ufunguke ni mwanafunzi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda Barabara ya Samora au Mtaa wa Aggrey kununua kasha, usiulize rangi wala bei peke yake. Muulize muuzaji: linapandisha nyuzi ngapi juu ya joto la chumba, kwa wati ngapi? Naye fundi anayetengeneza hapa nyumbani aziandike namba hizo mbili kwenye kibandiko. Kasha lisilo na namba hizo halijapimwa.