Thika na Ruiru: Ni nani hasa anayejenga ghorofa zinazochipuka?

KATIKA lango la ghorofa nyingi zinazojengwa kando ya barabara kuu ya Thika, husimamishwa ubao. Juu yake huandikwa jina la mwenye mradi, la msanifu majengo, la mhandisi wa miundo na la mwanakandarasi, pamoja na nambari ya usajili iliyotolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo wengi huijua kwa kifupi kama NCA. Mpita njia huusoma ubao huo kama dhamana. Mpangaji atakayehamia humo baada ya mwaka mmoja hataukuta tena, wala hatakuwa na njia nyingine rahisi ya kujua iwapo slabu iliyo juu ya kitanda chake ilitiwa vyuma vya kutosha.

Swali ambalo mpangaji huyo ana haki ya kuuliza ni iwapo walioandikwa ubaoni ndio waliojenga.

Miji ya Ruiru na Thika imekua kwa kasi ambayo wapangaji wa mipango hawakuitarajia. Sensa ya mwaka 2009 iliwapata wakazi takriban 239,000 mjini Ruiru. Miaka kumi baadaye, sensa ya 2019 ilihesabu watu wapatao 490,000, yaani zaidi ya mara mbili. Katikati ya sensa hizo mbili ndipo barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, na safari ya kwenda Nairobi ikafupika. Mashamba yaliyokuwa ya kahawa, pamoja na ardhi iliyonunuliwa zamani na kampuni za wanahisa, yalikatwa ploti. Juu ya ploti ndogo ndogo yakainuka majumba ya ghorofa tano, sita, hata zaidi, mengi yakiwa ya vyumba vya kupangisha wafanyakazi wa viwandani na wanafunzi wa vyuo.

Malighafi haiko mbali. Mawe ya Ndarugo, yanayochongwa katika machimbo ya eneo la Juja, hufika kwa lori asubuhi na kuwa ukuta jioni. Kilicho haba ni mtu mwenye ujuzi wa kusimamia jinsi mawe hayo yanavyopangwa, na hasa jinsi nguzo zinazoyashikilia zinavyosukwa.

Kabla ya mwaka 2012, serikali haikuwa na chombo cha kuwadhibiti wanakandarasi wote. Wizara ya Ujenzi wa Umma ilikuwa na orodha yake, iliyowapanga wanakandarasi katika madaraja ya herufi A hadi H, lakini orodha hiyo ilihusu zaidi zabuni za serikali. Aliyejenga jumba lake binafsi mjini Thika alimwajiri aliyemtaka. Maafa ndiyo yaliyolisukuma jambo hili hadi Bungeni. Mnamo Januari 2006, jengo lililokuwa likiendelea kujengwa liliporomoka katika eneo la Nyamakima, Nairobi. Oktoba 2009 jingine likaanguka mjini Kiambu. Katika mikasa hiyo miwili waliofariki walikuwa zaidi ya kumi kila mara, wengi wao wakiwa vibarua.

Bunge likapitisha Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, nambari 41 ya mwaka 2011, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata. Sheria hiyo inasema waziwazi kwamba hakuna anayeruhusiwa kufanya biashara ya ukandarasi bila kusajiliwa. Kampuni haisajiliwi kwa kuwa na pesa pekee. Angalau mmoja wa wakurugenzi wake sharti awe na elimu ya kiufundi, ujuzi na tajriba. Mamlaka ilipewa pia jukumu la kuwatambua na kuwapa vyeti mafundi stadi na wasimamizi wa ujenzi. Kipengele hicho huzungumziwa kwa nadra, ilhali ndicho kinachomgusa mtu anayeshika mwiko.

Kanuni zilizofuata mwaka 2014 ziliwagawa wanakandarasi katika madaraja manane. Wa daraja la kwanza hana kikomo cha thamani ya kazi anayoweza kuchukua. Kwa upande wa majengo, wa daraja la saba aliwekewa kikomo cha Sh20 milioni, na wa daraja la nane Sh10 milioni. Kampuni za kigeni zilitakiwa kuahidi kuwa zitawapa wanakandarasi wa humu nchini, au kushirikiana nao katika, sehemu isiyopungua asilimia 30 ya thamani ya kandarasi. (Barabara kuu ya Thika yenyewe, iliyojengwa na kampuni tatu za Uchina, ilitangulia masharti hayo.)

Kwenye karatasi, basi, mlango umefungwa vizuri. Mwenye ploti anayetaka kusajili mradi hupeleka michoro iliyoidhinishwa na kaunti, mkataba wake na mwanakandarasi, kibali cha mamlaka ya mazingira, pamoja na barua za wataalamu wakikiri kwamba wamejifunga kuusimamia ujenzi. Ndipo anapopata cheti, na ubao ukasimama.

Tatizo huanza hapo. Wenye ploti wengi hujenga kidogo kidogo, kwa akiba ya chama, mkopo wa ushirika au mapato ya biashara, na hawataki kumlipa mwanakandarasi faida yake. Hununua saruji, kokoto na vyuma wenyewe, kisha hupatana na fundi malipo ya nguvu za mikono tu. Fundi naye huwaita vibarua wa siku. Mwanakandarasi anayetajwa kwenye mkataba huwa ameazima cheti chake kwa ada, na huenda hajawahi kukanyaga hapo. Mhandisi hutia sahihi michoro, akalipwa, akaenda zake. Leseni ya mwanakandarasi huhuishwa kila mwaka, lakini kuhuishwa kwake hakusemi lolote kuhusu siku alizokuwepo kazini.

Kutokuwepo huko kuna madhara yanayoweza kupimwa. Zege haliwi gumu siku linapomwagwa. Kwa kawaida wahandisi huhesabu siku 28 kabla ya kulipima nguvu zake kamili, na vipande vya mraba vilivyotengenezwa kutoka mchanganyiko ule ule hupondwa kwa mashine, kwanza baada ya siku saba, kisha baada ya 28. Fundi anayelipwa kwa kila ghorofa hana sababu ya kusubiri. Huondoa mbao za kushikilia mapema ili azitumie juu, na uzito wa ghorofa mpya ukaiangukia slabu ambayo bado ni changa. Aidha, katika sehemu za Juja na mashariki mwa Ruiru kuna udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Msingi unaofaa penye udongo mwekundu upande wa pili wa mji haufai hapo. Mtaalamu aliyechunguza udongo atalijua hilo. Aliyenakili ramani ya jirani hatalijua hadi kuta zipasuke.

Kaunti ya Kiambu imekwisha kuonja uchungu huo. Mnamo Novemba 2022, jumba lililokuwa likijengwa Ruaka liliporomokea nyumba ya jirani na kuwaua mume na mke waliokuwa humo. Siku chache baadaye jengo jingine likaanguka Kirigiti, na watu wakafa tena. Waliofariki Ruaka hawakuwa vibarua, wala wapangaji wa jengo hilo. Kosa lao lilikuwa kuishi karibu nalo.

Kila mkasa unapotokea, kaunti huitazama NCA, nayo NCA huitazama kaunti. Ni kweli kwamba sheria imewagawia kazi. Mamlaka ya kitaifa humsajili mwanakandarasi na mradi. Serikali ya kaunti ndiyo inayotoa kibali cha ujenzi chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Wahandisi wana bodi yao, wasanifu majengo na wakadiriaji wana yao, na tangu 2015 kuna pia kitengo cha kitaifa cha kukagua majengo. Kwa hivyo wakaguzi ni wengi, lakini hakuna hata mmoja anayelazimika kuwepo siku ya kumwaga slabu.

Adhabu nazo hazitishi sana. Anayejenga bila kibali cha kaunti anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000 au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili, na kutakiwa kuirejesha ardhi katika hali yake ya awali. Jumba lenye vyumba 60, kila kimoja kikilipiwa Sh8,000 kwa mwezi, hukusanya Sh480,000 kabla ya mwezi wa pili kuanza. Mwenye jumba akiipiga hesabu hiyo, huiona faini kuwa gharama nyingine ya ujenzi.

Bunge lina zana za kufuatilia haya kuliko wananchi wanavyodhani. Hesabu za Mamlaka hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu na ripoti kufikishwa Bungeni. Kanuni zozote ambazo waziri anachapisha sharti ziwasilishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao. Zisipowasilishwa, Sheria ya mwaka 2013 kuhusu kanuni za aina hiyo inazifuta. Seneti inaweza kuiuliza kaunti ina wakaguzi wangapi wa majengo, na Bunge la Kaunti ya Kiambu linaweza kudai daftari la ziara walizofanya Ruiru na Thika. Aghalabu viongozi huja kifusi kikiwa bado kinafuka vumbi, huagiza uchunguzi, kisha daftari hilo haliombwi.

Kanuni za ujenzi zenyewe zilichelewa mno. Hadi miaka ya hivi karibuni, nchi ilitegemea sheria ndogo za mwaka 1968, zilizoandikwa wakati Ruiru ilipokuwa kituo cha reli kilichozungukwa na kahawa. Kanuni mpya za Kitaifa za Ujenzi zilichapishwa mwaka 2024 na kuanza kutumika Machi 1, 2025. Kazi ya kuzitekeleza imebaki kwa taasisi zile zile, na wakaguzi wale wale.

Kwa mpangaji au jirani anayeona jumba likipanda kwa kasi ya kutilia shaka, ubao wa langoni bado una manufaa. Jina la mwanakandarasi linaweza kulinganishwa na orodha ya waliosajiliwa ambayo NCA huiweka wazi, na daraja lake likalinganishwa na ukubwa wa kazi anayoifanya. Ikiwa wa daraja la nane anainua ghorofa sita, hilo ni la kuripotiwa. Na njia ya pili haihitaji orodha yoyote: ni kwenda langoni siku ya kazi na kuwauliza vibarua ni lini walimwona mara ya mwisho mtu huyo aliyeandikwa ubaoni.